Daftari la Kunyonyesha

Jumatatu, 11 Machi

Dada yangu,

Salamu zitafuata siku nyingine. Chiriku amekufa. Tumemzika juzi Jumamosi.

Naandika kwa mkono mmoja, Kifungo yuko begani anatafuta kucheua na hacheui, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima na kushuka usidhani nalia. Nilishalia. Sasa nimechoka tu, nimechoka mpaka kwenye nywele.

Nikueleze kwa mpangilio, maana hupendi habari za kurukaruka. Alhamisi Chiriku alikuwa na siku yake ya mapumziko kiwandani. Alikuja saa sita mchana na kelele zake, akanikuta nimekaa kitako sakafuni jikoni, mtoto mapajani, sijui nilikuwa pale tangu saa ngapi. Akacheka. "Mwenzangu, siku hizi unafanana na kola iliyoshonwa kinyumenyume." Akanipokonya mtoto. "Nenda kalale. Ukitoka chumbani kabla sijakuita, nakufunga kitandani kwa utepe wa kupimia."

Nilijitupa kitandani saa sita na nusu. Dada, nililala kama jiwe lililozama kisimani. Wiki saba nilikuwa sijapata usingizi wa saa mbili mfululizo. Niliamka saa kumi na nusu, na kilichoniamsha ni mpangaji wa chini akigonga mlango wa jikoni, ule wa ngazi za nyuma. Kifungo alikuwa kwenye kitanda chake sebuleni, amebadilishwa nepi, anatazama dari. Chiriku alikuwa chini kabisa ya ngazi, pembeni mwa mapipa ya maji.

Daktari anasema hakuanguka mwenyewe. Ana alama za vidole kwenye mikono yote miwili, hapa juu, na bega la gauni limechanika. Amesukumwa. Na kasema jambo jingine ambalo heri angelimeza: hakufa papo hapo. Huenda alikaa pale saa nzima akipumua. Saa nzima, chini ya sakafu niliyolalia mimi.

Wamemkamata fundi bomba aliyekuwa juu ya paa akitengeneza tangi. Mpangaji wa chini alimwona akishuka ngazi za nyuma saa nane. Jengo zima limeshahukumu: alimtongoza, akakataliwa, akamsukuma. Lisemwalo lipo, wanasema. Mimi sijui. Yule fundi ni mtu wa kuomba radhi hata akikanyaga kivuli chako.

Mume wangu yuko kambini kwenye barabara wanayoijenga na ruhusa hapati. Chiriku hakuwa na ndugu hapa, ndugu zake tulikuwa sisi wa kwenye mashine. Kwa hiyo nimebaki mimi, Kifungo na swali. Tangu mama alipofariki nikiwa na miaka minne, wewe ndiye ninayekuletea maswali, ndiyo maana nakuletea na hili. Nataka kujua nani alimuua rafiki yangu. Alikuja kunipa usingizi, na usingizi huohuo ukanizuia kumsikia. Nisipojua, sitalala tena hata mtoto akilala.

Mdogo wako


Ijumaa, 15 Machi, 05.50

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Barua yako niliipata jana nikitoka zamu, nikaisomea kwenye benchi la wodi, viatu mkononi.

Ningejua ningekuja mazishini, ingawa sijui ningepenyaje. Wiki ile nzima nilikuwa zamu. Wodi ya wazazi imefurika, wanalala wawili wawili kitandani, hata kichwa sikukitoa nje.

Sasa nisikilize kama ulivyonisikiliza ukiwa na surua.

Kwanza, usijilaumu kwa kulala. Mwili ulidai haki yake. Usingizi wa namna ile hata mtu angekuita kwa jina asingekupata, sembuse watu wanaozungumza chini chini. Maji yamekwisha mwagika, hayazoleki.

Pili, kula. Chai si chakula.

Tatu, endelea na daftari. Kila akinyonya andika saa, titi gani, dakika ngapi. Akinywa chupa andika kiasi. Najua wewe na marehemu mlilicheka, lakini mtoto alizaliwa na kilo mbili na robo na daftari ndilo lililomvusha. Sisi hospitali tunasema kisichoandikwa hakikufanyika.

Nne, upelelezi waachie wenye kazi yao. Wewe una titi la kutoa, huna ushahidi. Fundi kama hana hatia atatoka.

Tano, narudia nililosema mwezi uliopita ukanikasirikia. Nipe Kifungo mwezi mmoja. Uliniandikia mwenyewe kwamba ulisinzia ukimwogesha, ukashtuka maji yamemfika kidevuni. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi mno. Nimewapokea hapa mlangoni watoto wa sentensi kama hiyo, wamefunikwa shuka. Hakuna aibu, mdogo wangu. Mimi nina mikono, nina nafasi, nina ujuzi.

Dada yako


Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Umeniandikia kwanza mpaka tano kama vidonge. Vitatu nimevimeza, cha nne nimekitema, utaona. Cha tano kimenikwama kooni. Kifungo hatoki. Siku ile ya beseni siisahau na siirudii, sasa namwogesha nimesimama. Tusigombane kwa hilo, sina nguvu.

Juzi alikuja mke wa fundi bomba. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni na mfuko wa spana za mumewe mkononi, nadhani hakujua auweke wapi.

"Sikuja kulia kwako," akasema. "Saa nane na robo mume wangu alikuwa shule ya jirani, anazibua bomba la choo. Amesaini kitabu cha wageni mbele ya mlinzi. Polisi wanasema alishamaliza unyama wake kabla ya kwenda. Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa ndani. Saa nane na robo, rafiki yako alikuwa hai au hakuwa hai?"

Nikamwambia nililala.

"Kila mtu jengo hili alilala," akasema. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Akaondoka na spana zake.

Nililia kwa hasira, halafu nikachukua daftari. Tangu siku ile nilikuwa naandika kurasa za mbele tu, ukurasa wa Alhamisi sikuugusa. Nikaufungua. Juu kuna mwandiko wangu: Saa tano na nusu, titi la kulia, dakika kumi, kasinzia. Chini yake kuna mstari usio wangu. Nakunakilia ulivyo:

14.20. Chupa, ml 60. Amecheua. Nepi imebadilishwa.

Nikahesabu kwa vidole. Kumi na nne toa sita, nane. Saa nane na dakika ishirini! Unaelewa, Dada? Saa nane na dakika ishirini Chiriku alikuwa hai, amempakata mtoto wangu anamnywesha, na wakati huo fundi ameshasaini kitabu huko shuleni. Aliyemsukuma alikuja baadaye. Fundi hana hatia!

Nilikwenda polisi mbiombio, Kifungo mgongoni. Mpelelezi ni mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Akausoma mstari mara mbili. "Huu ni mwandiko wa marehemu?" Nikasema bila shaka. "Umewahi kuuona mwandiko wake?" Hapo nikakwama. Kiwandani hatuandiki, tunashona. Yeye vitundu vya vifungo, mimi kola. Tena Chiriku alikuwa akilicheka daftari: "Mtoto akishiba anakwambia mwenyewe, anakutapikia." Kila alipomlisha hakuandika hata nukta, mimi ndiye niliyemuuliza baadaye na kuandika.

Mpelelezi akaunakili mstari, akanirudishia daftari kwa kuwa bado nalitumia, akaniambia nimletee chochote alichowahi kuandika marehemu, hata orodha ya sokoni. Nitatafuta.

Lakini kwa nini aandike siku ile tu? Nafikiri alivyoniona pale sakafuni aliamua kunitii mara moja. Wazo hilo linaniliza kuliko kaburi lake.

Mdogo wako


Jumatano, 27 Machi, 21.10

Mdogo wangu,

Kurasa tatu umeniandikia na hakuna mahali umesema umekula.

Mstari ule umeuandika wewe. Usishtuke. Mama aliyekosa usingizi hufanya mambo asiyakumbuke. Huamka, hulisha, huandika, hurudi kulala, na kesho anaapa kwamba si yeye. Nimewaona wengi. Mmoja alimvisha mtoto soksi tatu akamshtaki mama mkwe wake. Uliamka, ukamnywesha, ukarudi chumbani. Marehemu alikuwa ameshaanguka wakati huo.

Sasa fikiria. Ukipeleka daftari hilo mahakamani watakuuliza: kumbe saa nane na dakika ishirini ulikuwa macho? Ulikuwa macho, mlango wa jikoni uko hatua nne kutoka hapo, na rafiki yako anakata roho nje? Watamwacha fundi wakushike wewe. Na mtoto atakwenda wapi? Hilo umelifikiria ulipokuwa unakimbia mbiombio?

Nitumie daftari kwa posta nilisome mwenyewe. Anza jipya. Usimwonyeshe mtu mwingine.

Nimemwandikia na shemeji. Usinikasirikie. Mtoto ni wenu wawili, na mmoja wenu lazima awe na usingizi wa kutosha kuamua.

Dada yako


Jumamosi, 30 Machi

Mama Kifungo,

Nimepata barua mbili siku moja, yako na ya dada, na mtu akizisoma pamoja atadhani zinahusu wanawake wawili. Kwenye yako kuna mwanamke anayepiga hesabu za saa na kukimbilia polisi. Kwenye ya dada kuna mwanamke anayetembea usingizini. Nimejiuliza mimi nilioa yupi. Nimeona nilioa yule wa polisi, kwa sababu ndiye aliyenikagua vifungo vya shati siku ya kwanza kabla hata ya kuniuliza jina.

Huku mvua imetuharibia. Kifusi tunachomwaga Jumatatu, Jumanne kimekuwa uji. Ruhusa nimeomba mara ya tatu, msimamizi anasema barabara haina likizo ya uzazi. Wenzangu walicheka, mimi nilitaka kumtia sepetu. Siku nyingine nikishika chakula nakumbuka uko peke yako na ngazi zile nyuma ya mlango, nampa mwenzangu sahani.

Dada anataka nikubali mtoto aende kwake mwezi au miwili. Nikwambie ukweli, mwanzo nilitaka kukubali. Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito, kwa hiyo nimemjibu kwa heshima. Ila neno lenyewe nimelikataa. Mtoto anakaa kwa mama yake, mpaka mama yake aseme vingine.

Kuna kitu kimoja nimekificha na hakikai vizuri moyoni. Mwanzoni mwa Machi dada aliniandikia kwamba amepata siku ya mapumziko, Alhamisi tarehe saba, atakuja kwako ghafla mzungumze ana kwa ana kuhusu mtoto. Akaniomba nisikudokeze, ungejiandaa kwa ubishi. Nikanyamaza, nikafurahi. Sasa katika barua yake hataji kama alikosa basi au aliahirisha. Nawaza tu, laiti angefika siku ile mngekuwa watu wazima watatu ndani, na yule muuaji angeogopa. Ndiyo bahati yetu.

Mbusu Kifungo kwenye kisigino. Usimwambie kwamba baba yake amenuna, atadhani ni tabia.

Mumeo


Jumatatu, 8 Aprili

Dada,

Barua ya mume wangu iko chini ya godoro siku ya tano leo. Nimeanza kukuandikia mara nne nikachana. Hii nitaimaliza hata ikiwa mbaya.

Daftari sikulituma.

Nilikwenda kiwandani kutafuta mwandiko wa Chiriku. Msimamizi alinitolea fomu yake ya kazi. Palipotakiwa saini ametia dole gumba. Majina yote yameandikwa na karani. Chiriku hakujua kuandika, Dada. Miaka sita nilikaa mashine ya pembeni yake na sikujua. Aliniambia macho yanawasha, aliniambia miwani imevunjika, nikamsomea barua zake zote nikidhani ni uvivu. Maneno yote yale, kumbe alikuwa anaziba pengo hilo. Nililia mbele ya msimamizi bila aibu.

Kwa hiyo si yeye. Nikajaribu iwe mimi kama ulivyosema. Nilitaka sana iwe mimi. Nilikaa mezani nikauandika mstari ule mara ishirini, kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, nimefumba macho. Mimi siandiki "ml", mimi naandika nusu chupa. Na maishani mwangu sijawahi kuandika saa kumi na nne.

Halafu nikatoa barua zako. Ninazo zote tangu nilipoondoka nyumbani. Kila moja ina saa juu, pembeni ya tarehe. 05.50. 21.10. 13.00. Nimeishi na saa zako hizo miaka kumi kama mtu anavyoishi na mlio wa jokofu, hausikii tena. Nikaweka daftari kando yake. Nne ni yako. Mbili ni yako. Hata nukta katikati ni yako, unavyoibonyeza mpaka karatasi inatoboka.

Unasema wiki ile hukutoa kichwa nje ya wodi. Mume wangu anasema ulikuwa na mapumziko Alhamisi. Unasema nisingewasikia watu wanaozungumza chini chini. Nani alizungumza chini chini, Dada? Mimi nilikuandikia kwamba amesukumwa. Mazungumzo sikuyataja kwa kuwa sikujua kama yalikuwepo.

Wewe ulimkataa yule mwalimu kwa sababu hakutaka mke mwenye mtoto wa kulea, na mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Kichwa changu kinasema kitu kimoja na mwili wote unakikataa, na katikati hapo kuna mtoto anayetaka kunyonya kila baada ya saa mbili. Niambie nimekosea. Niambie nimechanganyikiwa, nitakubali, nitakuja mwenyewe na Kifungo utuuguze sote wawili.

Mke wa fundi amepita tena leo. Kesi ya mumewe inasomwa tarehe ishirini na tatu.

Niandikie haraka.

Mdogo wako


Jumapili, 14 Aprili, 13.05

Mdogo wangu,

Hukukosea.

Nilifika 13.40, kwa ngazi za nyuma, ili nipishane na watu wachache kuliko mbele. Fundi alikuwa bado juu ya paa, nilisikia nyundo. Nilikuwa na begi tupu na shuka la kumfungia mtoto. Nilikusudia kuondoka naye kabla hujaamka na kukuachia barua mezani. Nilijua ukiwa macho utanishinda. Tangu utotoni ukinitazama unanishinda. Niliamini nakuokoa. Kuna sehemu yangu bado inaamini.

Marehemu alikuwa naye sebuleni. Nikamwambia nilichojia. Tulibishana pale kwa muda, akasema, "Muamshe mwenyewe umwambie. Akikubali, begi nitakubebea mimi mpaka kituoni." Nikamwomba asikuamshe. Hilo akakubali, alikuwa anauonea huruma usingizi wako. Tukamsikia fundi akishuka na kwenda zake. Marehemu akamlaza mtoto, tukatoka juu ya ngazi, akavuta mlango nyuma yetu.

Tuligombana kwa kunong'ona. Wote wawili. Kila mmoja akimwambia mwenziwe, polepole, atasikia. Laiti mmoja wetu angepiga kelele, ungeamka, ungekuja kutuamua.

Akaniambia, "Wewe dada huogopi kwamba mtoto atakufa. Unaogopa kwamba atakua bila wewe." Nikamshika mikono. Sikuwa nimekusudia ngazi. Lakini nilisukuma, siwezi kusema niliteleza.

Nilimtazama kutoka juu nikaona anapumua. Miaka ishirini na sita ya kazi, najua la kufanya: shingo isiguswe, waite watu. Nikafungua mdomo niite. Ndipo Kifungo akalia, nikaingia ndani. Nilijiambia nikimnywesha tu nashuka. Alikunywa taratibu, amenishika kidole. Nikambadilisha nepi. Na nikaandika. Kuandika kwenyewe sikumbuki. Nilipopata barua yako yenye ule mstari ndipo nilipojua nimeandika, nikakaa chini kwenye korido na wagonjwa wakanipita.

Nilishuka 14.50. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikahesabu mapigo dakika nzima inavyotakiwa. Yalikuwepo, dhaifu. Macho yalikuwa wazi, aliniona. Nikawaza akipona atakwambia, na wewe hutaniruhusu tena kumgusa mtoto. Nikainuka nikaenda kituo cha mabasi.

Ngazini nilishikwa na hasira. Hili la pili nililifanya na akili zangu timamu, na sina jina jingine la kulipatia.

Kuhusu fundi nilijiambia atatoka tu. Nilijiambia mengi. Na yale niliyokuandikia, ya kwamba watakushika wewe, yanitoke puani.

Sasa una barua yenye mkono wangu. Unaweza kuichoma. Nitaendelea na zamu, nitakutumia nguo za mtoto, hatutalitaja mpaka tufe. Au unaweza kufanya lile jingine. Sitakimbia, nimechoka na miguu imevimba. Sikuombi chochote. Si kweli, nakuomba ule.

Dada yako


Ijumaa, 19 Aprili

Dada,

Mpelelezi ameniahidi kwamba barua hii utapewa huko utakakokuwa. Wao watakuwa wamekufikia kabla yake.

Barua yako niliipata Jumanne nikakaa nayo siku mbili. Sitakuficha, niliwasha jiko. Nilisimama mbele ya moto na karatasi mkononi, Kifungo begani, nikawaza unavyosema: zamu zako, nguo za mtoto, sisi wawili tunazeeka na jambo hili liko mezani kila tukila. Ningeweza. Hilo ndilo linalonitisha, ningeweza kabisa. Mtu akichoka kiasi hiki anaweza kubeba lolote mradi asiambiwe ahame alipokaa.

Ungeandika kwamba ulikimbia bila kushuka, nadhani ingeungua. Lakini ulishuka ukamshika mkono. Dada, Chiriku alikujua wewe ni nani. Siku ulizokuja nilipojifungua alikuona ukifanya kazi, akawa anawasimulia wa kiwandani kwamba dada yake mwenzangu akikugusa tu unapona. Kwa dakika ile nzima uliyokuwa unahesabu, aliamini ameokoka. Msukumo wa hasira ningeweza kuuchoma. Dakika hiyo imenishinda.

Nilikwenda kwa miguu. Niligeuka mara mbili, mara ya kwanza kwenye duka la dawa, mara ya pili langoni kwao kabisa, mlinzi akaniuliza mama umesahau nini. Mpelelezi aliisoma barua yako polepole, akavua miwani, akaning'ang'aniza kiti. Hakuniuliza kama nina uhakika. Fundi ametoka leo asubuhi. Mkewe alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, hakuvuka, na mimi sikutaka avuke. Mume wangu amepewa siku kumi, atafika Jumapili. Mtoto ana kilo tano na nusu, utataka kujua. Na nimekula, mkate na mayai mawili.

Nakuchukia mchana, Dada. Asubuhi nikiamka, kabla sijakumbuka, bado nakupenda, halafu nakumbuka. Sijui hali hii itachukua muda gani. Kuja kukuona siahidi. Kutokuja pia siahidi.

Walipomaliza kuuliza yote, mpelelezi alivuta fomu akaanza kujaza. Jina langu, kazi yangu, ninapoishi. Kisha jina lako. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Huyu mtuhumiwa ni nani wako?"

Nikafungua mdomo niseme dada yangu. Nikasema, "Mama yangu."

Akaandika hivyo. Sikumsahihisha.

Mdogo wako